Namba za Hitilafu Katika Ekskaveta za Mtumba



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika habari za mishahara, likizo na nyumba za kambini. Safari hii tunaandika habari za mashine, na ye yote anayedhani jambo hili ni la mafundi peke yao tunamwomba asome kwanza yaliyompata mwenzetu mmoja.

Katika shamba moja la miwa huku mashariki ya Uganda, mwajiri alinunua ekskaveta ya mtumba, ya tani 20, ikaletwa kwa njia ya Mombasa kuja kuchimba mifereji ya maji. Akapewa ndugu yetu mmoja aiendeshe, mtu wa miaka mingi kazini. Siku moja asubuhi kioo kikaonyesha namba na taa nyekundu, na king'ora kikalia. Akazima, akamwita msimamizi. Msimamizi akamwambia hizo ni namba za kompyuta, mashine za siku hizi zina kelele nyingi, aendelee na mfereji kwa sababu mvua iko karibu. Ndugu yetu akaandika katika kitabu chake cha saa, akaendelea. Siku ya tatu injini ikakamata, haikuzunguka tena.

Wiki iliyofuata akapewa barua kwamba ameua injini kwa uzembe, na atakatwa theluthi ya mshahara kwa miezi 10.

Kamati ya tawi ilipokwenda kuonana na meneja, hatukuwa na la kusema ila kulalamika. Ni kijana mmoja wa karakana, mpaka mafuta tu, ndiye aliyetuambia: "Wazee, mashine hii ina kumbukumbu. Ombeni isomwe." Tukaomba. Akaja fundi kutoka mjini na kompyuta yake, akaichomeka. Kumbukumbu ikasema presha ya oili ya injini ilishuka mara ya kwanza katika saa ya 11,046. Kitabu cha dizeli cha shamba lenyewe kinaonyesha kwamba mashine ilianza kazi pale ikiwa na saa 11,098. Yaani ugonjwa ulikuja nao kutoka huko ilikotoka, saa 52 kabla ndugu yetu hajakikalia kiti chake. Na saa 11,139, ambayo aliiandika kwa mkono wake siku alipomwita msimamizi, nayo ilikuwamo.

Makato yalisimamishwa. Fedha za mwezi wa kwanza amerudishiwa, za mwezi wa pili bado tunazidai.

Tangu siku hiyo tulijifunza. Sisi tunaoandika haya tuliishia darasa la saba, na hatuoni haya kusema kwamba tulikuwa tunaziogopa namba zile. Tuliwasumbua mafundi wanachama wetu mpaka wakatueleza, na haya ndiyo tuliyoyaelewa. (Vijana karakanani huziita "kodi". Sisi tutaziita namba za hitilafu, maana kodi tunazolipa zinatosha.)

Ekskaveta ya miaka hii ina kompyuta moja kwa injini na moja au zaidi kwa pampu za haidroli na kioo. Kompyuta haina macho. Inategemea sensa, vidude vidogo vilivyofungwa kwenye injini, kwenye tangi na kwenye pampu, na kila sensa huleta habari zake kwa umeme mdogo wa waya. Sensa nyingi za presha hupewa volti 5 na kompyuta, nazo hurudisha volti kidogo presha ikiwa ndogo, na volti nyingi presha ikipanda. Kompyuta inajua mipaka. Volti zikitoka nje ya mipaka hiyo, au zikionyesha kwamba injini yenyewe iko hatarini, namba inatokea.

Kwa hiyo namba haisemi ni kitu gani kibadilishwe. Inasema ni habari gani iliyofika vibaya. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Namba ikitaja sensa ya presha ya oili, mwajiri ananunua sensa, inafungwa, namba inabaki, ananunua kompyuta nzima, namba bado inabaki. Mwishowe inaonekana ni waya mmoja uliotafunwa na panya nyuma ya kiti.

Mashine nyingi hutoa namba mbili pamoja, zikitenganishwa kwa kistari au nafasi. Ya kwanza hutaja kitu, ya pili hutaja aina ya kosa. Utaratibu huu unaitwa J1939, na watengenezaji wengi wa injini wanaufuata. Caterpillar wana utaratibu wao, lakini kwa vitu vingi vya injini namba zinalingana. Namba 100 ni presha ya oili ya injini. Namba 110 ni joto la maji ya rejeta. Namba 168 ni umeme wa betri, 190 ni mwendo wa injini, na 157 ni presha ya dizeli katika bomba la pamoja linalolisha nozeli.

Namba ya pili ndiyo wengi huipuuza, nayo ndiyo yenye siri. 0 maana yake kipimo ni cha kweli na kimepanda mpaka hatari. 1 maana yake ni cha kweli na kimeshuka mpaka hatari. 3 ni volti zimepanda kupita kiasi, 4 ni volti zimeshuka kupita kiasi, 5 ni umeme haupiti vya kutosha, kwa kawaida waya umekatika, na 6 ni umeme unapita kupita kiasi, mara nyingi waya umegusa bodi. 2 ni habari zinazorukaruka, leo hivi kesho vile, na hiyo ndiyo mbaya kuifukuza kwa sababu hujificha fundi akija.

Basi tofautisheni. Ukiona 100 na 1, kompyuta inakuambia: sensa yangu ni nzima, ninaiamini, na oili haina presha. Zima injini papo hapo, hata kama bakuli limejaa udongo na msimamizi anapiga kelele. Ukiona 100 na 3, au 100 na 4, kompyuta inasema: sijui presha ni kiasi gani, kwa sababu habari inayonifikia haiwezekani. Hapo mara nyingi shida ni sensa, plagi au waya. Mara nyingi, si mara zote, na hata hivyo injini imebaki haina mlinzi. Kwa hiyo pima oili kwa dipstiki, kisha mafundi wafungue sensa na kufunga geji ya mkono katika tundu lake. Geji ikionyesha presha nzuri injini ikiwa ya moto, injini ni nzima na tatizo ni la umeme. Geji nayo ikiwa chini, hakuna cha kubishana.

Zipo pia 15 na 16 kwa kupanda, 17 na 18 kwa kushuka, ambazo ni onyo kabla ya hatari yenyewe. Katika Caterpillar onyo la namna hii huja kwa herufi E: E360 ni presha ndogo ya oili, E361 ni maji kuchemka, E362 ni injini kupita mwendo wake.

Komatsu wana njia nyingine. Katika PC200-8, ambazo zimejaa sana katika mitumba, opareta huona kwanza namba fupi. E02 ni umeme wa vali inayoongoza pampu, E03 ni breki ya kuzungushia, E10 ni umeme wa kompyuta ya injini, E15 ni sensa za injini, E0E ni kompyuta hazisikilizani. Nyuma ya namba fupi ipo namba ndefu ambayo fundi huifungua kwenye kioo. Kwa mfano CA144 ni volti za sensa ya joto la maji zimepanda, na CA145 ni zimeshuka. Mafundi wasiridhike na E15 peke yake, waifungue ile ndefu.

Kuhusu E02 na E03 tuna onyo. Mashine hizo zina swichi mbili za dharura, moja ya kuendeshea pampu na moja ya kufungua breki ya kuzungushia, ili mashine iweze kutolewa mahali ilipokwama. Zimewekwa kwa kazi hiyo tu. Tumeona mashine za mtumba zinakuja na swichi ya breki imewashwa na kufungwa kwa mpira, kwa sababu mwenye mashine wa zamani hakutaka kununua spea. Breki ikiwa imefunguliwa hivyo, mashine ikisimama mahali penye mteremko, sehemu ya juu pamoja na mkono wake inaweza kuzunguka polepole yenyewe. Na wanaosimama karibu na mfereji ni akina nani? Ni vibarua wenye majembe. Ndugu opareta, kabla ya kuipokea mashine, tazama swichi hizo.

Sasa, namba ikitokea mnaanza wapi?

Mnaanza na kalamu. Opareta aandike namba kama ilivyo, herufi kwa herufi, kabla hajazima. Aandike saa ya mashine, alikuwa anafanya kazi gani, injini ilikuwa baridi au ya moto, na kama mvua ilinyesha au mashine ilioshwa jana yake. Mambo haya yanamsaidia fundi kuliko kompyuta ya mjini. Namba inayotokea kila baada ya kuoshwa ni maji katika plagi. Namba inayotokea mkono unapoinuliwa juu ni waya unaovutwa. Tena mtu asifute namba ovyo. Kufuta si kutibu, na kumbukumbu ikifutwa ushahidi umekwenda nayo.

Halafu betri. Ekskaveta hizi ni za volti 24, betri mbili za 12 zilizounganishwa. Zikipumzika ziwe zaidi kidogo ya volti 25, na injini ikizunguka altaneta ipandishe mpaka 28 hivi. Betri ikiwa dhaifu, wakati wa kuwasha volti huanguka sana, kompyuta hupoteza fahamu kidogo, na namba tano sita hutokea kwa pamoja ambazo hazina maana yo yote. Safisheni vichwa vya betri na waya wa eathi unapokutana na chuma, rangi ikwanguliwe. Na hapa tuseme wazi: redio. Wenzetu wengi huchukua volti 12 kutoka betri moja ili kusikiliza mpira. Betri ile moja huchoka, nyingine huchajiwa kupita kiasi, na zote mbili hufa mapema. Kama redio ni lazima, mwajiri afunge kigeuzi cha 24 kwenda 12.

Baada ya betri ni macho na vidole. Ufunguo ukiwa umezimwa, fuata waya kutoka kwenye sensa. Angalia ulipopita kwenye chuma chenye makali, karibu na egzosi, chini ya kiti. Fungua plagi, tazama kama pini zimeota kutu ya kijani, kama moja imerudi nyuma, kama kuna oili ndani. Katika mashine za mtumba, angalia sana palipofungwa tepu nyeusi. Pale pana historia. Tumeona sensa ya joto iliyokatwa na mahali pake pakawekwa kizuizi kidogo cha umeme ili kompyuta idanganyike kwamba maji ni ya baridi daima. Mwenye kuuza anauza mashine isiyolalamika, na anayenunua anapeleka injini kaburini bila kusikia king'ora.

Kisha mita. Tumieni mita ya namba, si taa ya kupimia yenye balbu, kwa kuwa balbu huvuta umeme mwingi na inaweza kuiunguza kompyuta. Katika sensa ya presha yenye waya tatu, chomoa plagi, washa ufunguo bila kuwasha injini, pima upande wa waya baina ya waya wa kulisha na waya wa eathi ya sensa. Ziwe volti 5 au karibu kabisa na hapo. Zikiwa hazipo, na namba za sensa nyingi zimetokea kwa mara moja, basi huenda sensa moja mbovu imezivuta zote chini. Chomoa moja baada ya nyingine huku mita iko pale pale, mpaka volti 5 zirudi. Ile uliyoichomoa mwisho ndiyo mwizi.

Kwa sensa ya joto la maji yenye waya mbili kuna kipimo ambacho hakihitaji hata mita, na tulifurahi sana tulipoonyeshwa. Ikiwa namba ni 110 na 4, chomoa plagi. Kama sasa inageuka kuwa 110 na 3, waya na kompyuta ni vizima, sensa ndiyo mbovu. Ikibaki 4, waya umegusa mahali. Ikiwa namba ilikuwa 110 na 3 tangu mwanzo, unganisha waya mbili za plagi kwa kipande kifupi cha waya. Ikigeuka 4, sensa ndiyo mbovu. Ikibaki 3, waya umekatika au plagi haigusi. Kipimo hiki cha kuunganisha ni cha sensa ya waya mbili tu. Ya waya tatu msiiunganishe.

Kama namba inasema kompyuta hazisikilizani, yako mawasiliano ya waya mbili zilizosokotwa pamoja. Katika mashine za utaratibu wa J1939, zima umeme wote na pima omu baina ya waya hizo mbili. Ziwe kama 60. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Ukipata karibu na sufuri, waya zimegusana.

Mengine tunayapita haraka. Kabla ya kuchomelea bakuli au mkono, toeni waya wa hasi wa betri, chomoeni plagi za kompyuta, na eathi ya welding ifungwe karibu na panapochomelewa. Kompyuta nyingi zimeuawa na fundi wa welding aliyekuwa na haraka. Na kuosha kwa maji ya presha ndani ya kibanda ni marufuku.

Juu ya usalama hatupiti haraka. Kabla ya mtu kuingia chini au kufungua bomba, bakuli lilale chini, injini izimwe, na presha ya haidroli itolewe. Injini ya bomba la pamoja hubeba dizeli kwa presha inayozidi baa 1,000. Mtu asilegeze bomba hilo injini ikizunguka, kama tulivyozoea kufanya kwa injini za zamani tukitafuta nozeli mbovu. Mtu asitafute mahali panapovuja kwa kupitisha mkono. Atumie kipande cha kadibodi. Mchirizi mwembamba kuliko uzi hupenya ngozi. Jeraha huonekana kama la kuchomwa na sindano, haliumi sana mwanzoni, na mkono unaweza kukatwa. Apelekwe hospitali saa ile ile, na daktari aambiwe ni mafuta yaliyoingia kwa presha.

Sasa upande wa chama. Katika mazungumzo ya mkataba wa hiari tumedai mambo matatu juu ya mashine hizi. La kwanza, kila ekskaveta iwe na kitabu cha nakala mbili, na msimamizi aliyepewa habari ya namba atie sahihi papo hapo. Nakala moja inabaki kwa opareta. Yule ndugu yetu aliokolewa na daftari la shule la mtoto wake; wenzake wengine huenda wasiwe na bahati hiyo. La pili, mashine ya mtumba ikifika, kabla haijafanya kazi, kumbukumbu yake isomwe na kuandikwa mbele ya mjumbe wa karakana. Saa zilizomo katika kompyuta ya injini zilinganishwe na zile za kwenye kioo, kwa sababu kioo hubadilishwa na mashine nzee ikaonekana kijana. La tatu, fundi wa mjini akija na kompyuta yake, mafundi wetu wasimame karibu naye waone anachofanya. Hivi sasa wanatumwa kwenda kupaka grisi mpaka amalize.

Madai mawili ya kwanza yamekubaliwa kwa mdomo. La tatu meneja amesema atalifikiria.

Kuhusu kukatwa mshahara, wanachama wakumbuke Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unaosema kwamba mshahara utakatwa tu kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, au na mapatano ya pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi. Barua ya meneja peke yake haimo katika orodha hiyo. Atakayepewa barua ya namna hiyo asitie sahihi ya kukubali kosa. Aandike kwamba ameipokea tu, na ailete tawini siku hiyo hiyo pamoja na kitabu chake cha saa.

Mita ya namba iliyonunuliwa kwa michango ya tawi la karakana iko kwa katibu. Anayeiazima aandike jina lake na tarehe, na aizime akimaliza, maana mara mbili sasa imerudishwa betri yake imekwisha.